Kwa Nini Mgonjwa Bado Yuko Wodini?

Mpaka miaka ya 1990, mtu aliyepasuliwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana katika hospitali kubwa ya Ulaya alizinduka akiwa amezungukwa na mipira kila upande. Mmoja ulipita puani ukashuka hadi tumboni, ukitoa nyongo na kuimwaga kwenye mfuko. Mwingine ulitoka ubavuni kuchuruzisha majimaji ya kidonda, na mwingine ulikuwa wa mkojo. Mkononi kulikuwa na dripu. Tumbo lenyewe lilikuwa tupu, kwa kuwa kabla ya upasuaji alinyweshwa lita kadhaa za dawa ya kuharisha, kisha akafungishwa chakula na maji tangu usiku wa manane. Sasa angeanza kungoja upya, kwa sababu hakuruhusiwa kula mpaka atoe ushuzi. Kila asubuhi daktari alipita, akamsikiliza tumbo, akauliza kama hewa imetoka, akaenda kitanda cha pili. Kukaa wodini siku nane hadi kumi lilikuwa jambo la kawaida.

Hakuna aliyeyafanya hayo kwa ukatili. Kila mpira na kila katazo lilikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli kabisa pale zilipoanzia. Lakini mazoea yana taabu. Sababu zilisahaulika, makatazo yakabaki, na ilichukua karibu karne nzima kuyaondoa moja baada ya jingine.

Makatazo yalivyoingia wodini

Upasuaji wenyewe ulitangulia mbali. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kabla dunia haijajua nusukaputi, Jean-François Reybard wa Lyon, Ufaransa, alikata kipande cha utumbo chenye saratani na kuziunga ncha mbili zilizobaki. Etha ilipokuja mwaka 1846, na Joseph Lister alipochapisha njia yake ya kupigana na vijidudu mwaka 1867, madaktari walipata muda wa kukata kwa utulivu, na vidonda vikaanza kupona bila usaha. Hofu moja haikuondoka: mshono wa utumbo. Ukivuja, kinyesi humwagika tumboni, na kwa muda mrefu mgonjwa wa namna hiyo hakuwa na matumaini makubwa. Karibu kila katazo la baadaye lilipata nguvu kutokana na hofu hiyo.

Katazo la kunywa lilitoka kwenye chumba cha uzazi. Mwaka 1946 Curtis Mendelson, daktari wa uzazi mjini New York, aliandika juu ya wanawake 66 waliocheua wakiwa chini ya nusukaputi, vitu vya tumboni vikawaingia mapafuni. Wawili walikufa, wote kwa kupaliwa na chakula kigumu. Onyo lake lilikuwa la haki. Baadaye likavuka kutoka kwa wajawazito hadi kwa kila mgonjwa, na kutoka kwenye chakula hadi kwenye maji, hata likawa amri isiyoulizwa. Miaka 40 ilipita kabla J. Roger Maltby na wenzake wa Calgary, Kanada, hawajawapa wagonjwa mililita 150 za maji muda wa zaidi ya saa mbili kabla ya kupasuliwa, kisha wakapima kilichomo tumboni. Waliokunywa hawakukutwa na maji mengi kuliko waliofunga.

Mpira wa puani nao ulianza kama mwokozi. Abraham Levin wa New Orleans aliutengeneza mwaka 1921, na katika miaka ya 1930 Owen Wangensteen wa Minneapolis akautumia kufyonza hewa na majimaji kwa watu ambao matumbo yao yameziba. Wengi waliokuwa wakifa wakapona. Kifaa cha walioziba utumbo kikawa kifaa cha kila aliyepasuliwa tumbo, hata yule ambaye utumbo wake haukuziba kamwe. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Michael Cheatham walikusanya majaribio 26 yenye karibu wagonjwa 4,000. Walikuta kuwa wasiowekewa mpira walipata nimonia na homa mara chache kuliko waliowekewa, na kwamba kwa kila mmoja aliyekuja kuuhitaji kweli, wengine wasiopungua 20 wangeteseka nao bure.

Kitanda ndicho kilichotetewa kwa ukaidi kuliko vyote. Emil Ries wa Chicago aliandika mwaka 1899 kuwa wagonjwa wake wa tumbo waliamshwa mapema, wakapewa chakula, na wakapona vizuri. Hakusikilizwa. Daniel Leithauser wa Detroit alirudia hoja hiyo kwa nguvu na kuitolea kitabu mwaka 1946, wakati ambapo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imezipunguzia hospitali vitanda na wauguzi, na wagonjwa kulazimika kuinuka wapende wasipende. Mwaka uliofuata Richard Asher wa London aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza makala ya kejeli juu ya hatari za kulala kitandani: damu kuganda miguuni, mapafu kujaa, misuli kunywea, ngozi kuchunika. Makala yakasomwa, yakasifiwa, na wagonjwa wa utumbo wakaendelea kulala.

La mwisho lilikuwa dripu. Mwaka 1961 Tom Shires na wenzake wa Dallas walidai kuwa wakati wa upasuaji maji ya mwili hupotelea mahali pasipoonekana, kwa hiyo lazima yarudishwe. Kutokana na hilo madaktari wengi walizoea kuwamiminia wagonjwa maji ya chumvi, lita juu ya lita, na mgonjwa aliyevimba uso asubuhi ya pili hakumshangaza mtu.

Mwili uliojeruhiwa

Wakati makatazo hayo yakijengeka, swali jingine lilikuwa likiulizwa pembeni. Glasgow, mnamo mwaka 1930, David Cuthbertson alipima mkojo wa watu waliovunjika miguu na kuona naitrojeni nyingi ikitoka. Maana yake ni kwamba mwili uliojeruhiwa huila misuli yake wenyewe, hata ile iliyo mbali na jeraha. Kisu cha daktari nacho ni jeraha. Homoni za mshtuko hupanda, sukari hupanda, insulini haifanyi kazi yake ipasavyo, na mtu huamka akiwa na udhaifu ambao kidonda peke yake hakiwezi kuueleza.

Utumbo nao huduwaa. Utumbo mwembamba huanza kujongea tena ndani ya saa chache, tumbo baada ya siku moja hivi, na utumbo mpana baada ya siku mbili au tatu. Mofini ya kutuliza maumivu huuchelewesha zaidi, kwa kuwa inalaza neva za utumbo pamoja na zile za maumivu. Na hata mgonjwa asipokula kitu, lita kadhaa za mate, nyongo na majimaji mengine humiminika ndani ya njia ya chakula kila siku. Kumnyima uji kwa ajili ya kulinda mshono ni ulinzi mdogo kuliko ulivyodhaniwa.

Mtu aliyeyaweka yote hayo mezani kwa pamoja ni Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark. Tangu miaka ya 1970 alikuwa akichunguza jinsi ganzi ya uti wa mgongo inavyoweza kuzuia taarifa za jeraha zisifike kwenye ubongo na hivyo kupunguza mshtuko wa mwili. Akiwa katika hospitali ya Hvidovre, kando ya Copenhagen, alianza kuuliza swali linaloonekana jepesi: kwa nini mgonjwa huyu bado yuko hospitalini leo? Jibu la kwamba kidonda hakijapona halikumtosha. Alitaka kutajiwa kitu chenyewe kinachomzuia kwenda nyumbani. Je, ni maumivu, ni kichefuchefu, ni udhaifu, au ni mpira ambao hakuna aliyekumbuka kuutoa? Kila jibu lilikuwa na dawa yake, na hakuna dawa moja iliyotosha. Mwaka 1997 alichapisha hoja hiyo kwa urefu katika jarida la madaktari wa usingizi wa Uingereza: matokeo yatabadilika pale tu hatua nyingi ndogo zitakapochukuliwa pamoja.

Siku mbili

Ushahidi wa kwanza ulikuwa mdogo. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha habari za wagonjwa wachache wa Hvidovre, wazee na wenye maradhi mengine, waliopasuliwa utumbo kwa njia ya matundu madogo, wakalishwa na kutembezwa mapema, na wengi wakaenda nyumbani baada ya siku mbili. Ikasemwa kuwa siri ilikuwa matundu. Mwaka 1999 Kehlet na Torben Mogensen wakajibu kwa wagonjwa 16 waliopasuliwa kwa njia ya zamani, tumbo wazi. Nao pia, nusu yao walikuwa wameshaondoka kufikia siku ya pili.

Taarifa iliyotikisa watu ilitoka mwaka 2000, ikiandikwa na Linda Basse na wenzake. Ilihusu wagonjwa 60 waliofuatana, nusu yao wakiwa na umri wa miaka 74 au zaidi. Mambo waliyotendewa hayakuwa na ajabu yoyote. Kabla ya siku ya upasuaji waliketi na kuelezwa kila kitakachotokea, pamoja na siku watakayorudi nyumbani. Ganzi iliingizwa mgongoni kwa mrija mwembamba na kuendelea kwa siku mbili, ili mofini isitumike au itumike kidogo. Hawakuachiwa mpira wa puani. Jioni ya siku ileile muuguzi alimketisha mgonjwa, akamshusha kitandani, akamshikilia asimame. Alipewa maji, kinywaji cha protini na magnesia ya kulainisha choo. Kesho yake alitarajiwa kuwa nje ya kitanda sehemu kubwa ya mchana, na kula chakula cha kawaida kadiri alivyoweza. Yote yaliandikwa kwenye karatasi siku kwa siku, na karatasi hiyo ilikuwa mikononi mwa wauguzi.

Kati ya hao 60, watu 57 walipata choo ndani ya saa 48. Nusu na zaidi waliondoka kufikia siku ya pili. Hakuna aliyepata tatizo la moyo wala la mapafu, jambo ambalo kwa wazee wa umri ule lilikuwa kubwa kuliko siku zenyewe.

Lakini asilimia 15 walirudi wodini, wawili kati yao kwa sababu mshono ulikuwa umeachia. Wapinzani waliishika namba hiyo. Haraka haraka haina baraka, ndivyo walivyofikiri, na hawakuwa watu wa kupuuzwa: anayemruhusu mzee siku ya pili lazima ajue atamwonaje siku ya tano, ambapo mishono mingi mibovu hujulikana. Hvidovre ilikuwa na jibu, kwa sababu wagonjwa wake waliishi karibu na waliweza kurudi upesi. Nchi ambako mgonjwa anatoka kijiji kilicho mbali na hospitali na gari hupita mara moja kwa siku haina jibu hilo. Hapo mpango uleule unaweza kumwezesha mtu kula na kutembea siku ya kwanza bila kumfukuza wodini siku ya pili. Wanaohesabu siku za kulala tu huusahau upande huo.

Karatasi peke yake haitoshi

Mwaka 2001 Ken Fearon wa Edinburgh na Olle Ljungqvist wa Stockholm waliunda kikundi na kumkaribisha Kehlet, pamoja na wenzao wa Tromsø nchini Norwei na Maastricht nchini Uholanzi. Fearon na Ljungqvist walikuwa wataalamu wa lishe na kimetaboliki. Ljungqvist alikuwa ameonyesha kuwa mtu akinywa kinywaji cha wanga saa chache kabla ya kisu, insulini yake hudhoofika kidogo baada ya upasuaji kuliko ya mtu aliyefunga usiku kucha. Mwaka 2005 kikundi kilitoa mwongozo wa pamoja, na mwaka 2010 kikawa Chama cha ERAS, kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya kupona haraka zaidi baada ya upasuaji.

Njiani walijifunza jambo la kuwashusha kiburi. Hospitali zilipopewa mwongozo, sehemu ya kabla ya upasuaji na ya chumba cha upasuaji ilifuatwa vizuri, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Baada ya hapo, wodini, mambo yalilegea: mgonjwa hakuinuliwa, dripu iliachwa hadi kesho, chakula kilichelewa. Jose Maessen na wenzake waliandika mwaka 2007 kwamba mwongozo peke yake hautoshi. Hata waliokuwa tayari kwenda nyumbani walikaa siku nyingine, kwa sababu hakuna aliyetarajia waondoke.

Ushahidi ulio wazi ulitoka katika hospitali ya Ersta, Stockholm. Ulf Gustafsson na wenzake walifuatilia wagonjwa 953 wa saratani ya utumbo mpana na wa rektamu. Baada ya wafanyakazi kujipanga upya, utekelezaji wa mwongozo ulipanda kutoka asilimia 43 hadi 71. Matatizo yalipungua, na kadiri hatua nyingi zaidi zilivyotekelezwa ndivyo mgonjwa alivyopona salama zaidi. Wagonjwa, madaktari na jengo vilikuwa vya aina ileile. Kilichobadilika ni kama yale yaliyojulikana yalifanywa au hayakufanywa.

Upasuaji wa matundu, ulioanza kwa utumbo mpana pale Moises Jacobs alipoufanya Miami mwaka 1990, nao ulipata nafasi yake halisi katika hesabu hii. Jaribio la Marekani la mwaka 2004 lenye wagonjwa 872 lilithibitisha kuwa saratani hairudi zaidi kwa sababu ya matundu. Kisha Uholanzi ikagawa wagonjwa 400 kwa kura katika hospitali tisa: matundu au tumbo wazi, uangalizi mpya au wa zamani. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa waliopata matundu pamoja na uangalizi mpya ndio walioondoka mapema zaidi, nusu yao kufikia siku ya tano, wakati wa tumbo wazi walifikia siku ya saba. Kila kimoja kilikihitaji kingine.

Mazoea mapya nayo yakapimwa

Habari ya dripu inaonyesha jinsi kazi hii ilivyofanywa kwa uadilifu. Mwaka 2002 Dileep Lobo na wenzake wa Nottingham walichukua wagonjwa 20 tu waliokatwa utumbo mpana. Nusu walipewa maji kama ilivyozoeleka, lita tatu au zaidi kwa siku pamoja na chumvi nyingi. Nusu nyingine hawakuzidi lita mbili, na chumvi yao ilikuwa nusu. Kundi la kwanza liliongezeka uzito wa kilo tatu hivi, zote za maji. Matumbo yao yalichelewa kumwaga chakula, choo kilichelewa, na walikaa hospitalini takriban siku tisa dhidi ya sita za wenzao. Mwaka uliofuata Birgitte Brandstrup wa Denmark alilipima jambo hilo kwa watu 172, na matatizo yakashuka kutoka asilimia 51 hadi 33.

Wengi wakakimbilia upande wa pili na kuanza kuwabania wagonjwa maji. Mwaka 2018 jaribio la watu 3,000 lililoongozwa kutoka Australia likawarudisha katikati, kwa kuwa waliobaniwa sana waliumia figo zaidi, asilimia 8.6 dhidi ya 5. Hata chingamu ilipitia mzani huo. Mwaka 2002 Takayuki Asao wa Japani alidokeza kuwa kutafuna chingamu huamsha utumbo mapema, kwa kuwa mwili hudhani umekula. Wazo lilipendwa, ni rahisi na halina madhara. Jaribio la Uholanzi la watu 2,000 mwaka 2018 halikuona faida. Kwa mgonjwa anayekula chakula halisi tangu siku ya kwanza, kuudanganya utumbo wake hakuna tena kazi.

Nje ya wodi

Francesco Carli wa Montreal aliona kuwa madaktari husubiri mtu adhoofike ndipo waanze kumjenga, wakati wiki za kungoja upasuaji zinapita bure. Mwaka 2014 kikundi chake kilitoa matokeo ya wagonjwa 77. Waliofanya mazoezi, kula protini ya kutosha na kupunguziwa wasiwasi tangu wiki nne kabla ya kisu walirudia uwezo wao wa kutembea mapema: wiki nane baada ya upasuaji, asilimia 84 walikuwa wamerudi walipokuwa au kupita hapo. Kati ya walioanza mpango uleule baada ya upasuaji walikuwa asilimia 62. Mwaka 2023 jaribio la Ulaya lenye watu 251 lilionyesha matatizo makubwa yakipungua kutoka asilimia 29.7 hadi 17.1 kwa waliotayarishwa namna hiyo.

Mwaka 2025 matokeo ya jaribio la CHALLENGE, lililowashirikisha watu 889 hasa wa Kanada na Australia, yalisogeza mpaka mbali zaidi. Hao walikuwa wameshapasuliwa saratani ya utumbo mpana na kumaliza tibakemikali. Nusu walipewa kijitabu cha afya. Nusu walipewa mkufunzi na mpango wa miaka mitatu, ambao kwa wengi ulikuwa kutembea kwa kasi mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka minane, asilimia 90.3 ya waliofundishwa mazoezi walikuwa hai, dhidi ya asilimia 83.2 ya wenzao. Matatizo ya misuli na mifupa yaliongezeka, kama mtu angetarajia.

Hivyo swali lililoanzia kwenye kitanda kimoja cha Hvidovre limefika kwenye maisha ya mtu miaka kadhaa baadaye. Na ndani ya wodi limegeuza utaratibu wa hoja. Zamani Ries, Leithauser na Maltby ndio waliotakiwa kuthibitisha kuwa mgonjwa anaweza kuinuka, kula na kunywa. Sasa anayemnyima maji, chakula au nafasi ya kutembea ndiye anayepaswa kutaja sababu, na sababu yenyewe iwe ya mgonjwa huyo, siku hiyo.